Zamu ya Mama

Wateja walimwita Dada Pole, na jina hilo hakupewa bure. Kila alipovuta unywele, hata kidogo tu, alisema "pole". Akigawa nywele kwa mkia wa kitana, pole. Akikaza msuko karibu na sikio, pole sana mpenzi, hapo ndipo panapouma, tunamaliza sasa hivi. Kuna mwanamke aliyewahi kukiri kwamba haendi kwake kwa sababu nywele zimeharibika, anaenda kwa sababu wiki imeharibika na hana mtu mwingine wa kumwambia pole.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, kati ya duka la vipuri vya baiskeli na ofisi ya mpiga chapa. Viti viwili, vioo viwili, benchi refu la kusubiria, na ukutani picha za mitindo ya nywele ambazo jua lilikuwa limezila mpaka wanawake wote waliokuwamo wakageuka rangi ya bluu. Kiti cha mlangoni kilikuwa cha mwenzake, mama mnene mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, ambaye watu walimwita Redio kwa kuwa hakuwahi kuzimika. Kiti cha ndani kilikuwa cha Dada Pole.

Hakuwa msusi hodari kuliko wote mtaani, na mwenyewe alilijua hilo. Kilichowarudisha watu kwake kilikuwa vitu vidogo vidogo. Mafuta aliyapasha kwanza viganjani ndipo ayapake, mtu asishtuke kwa ubaridi. Wenye shingo mbovu aliwakunjia taulo akawawekea nyuma. Mama mwenye kichanga akisinzia kitini, hakumwamsha. Alimwegemeza kichwa tumboni kwake akaendelea kusuka amesimama vile vile kama ukuta, hata saa nzima. Alikumbuka mtoto wa nani anafanya mtihani na mume wa nani amelazwa. Na siku mwalimu mmoja alipokuja baada ya kuugua muda mrefu, nywele zikawa zinatoka kwa mafungu, Dada Pole alikigeuza kiti kikakipa kioo mgongo, akawa anazisukuma kwa mguu chini ya meza kabla mwenyewe hajaziona, huku akimsimulia kisa cha mbuzi aliyeingia ofisi ya mpiga chapa akala kadi za harusi. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu hapo ukitaka ugomvi na mwalimu, umseme vibaya Dada Pole.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Si mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, pengine angejishtukia mapema. Alikuwa ameishiwa tu.

Aliishi na mama yake katika vyumba viwili vyenye ua mdogo wa saruji kwa nyuma. Yeye alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Aliwahi kuolewa, ndoa ikadumu miaka minne, wakaachana bila kelele na bila mtoto. Mama alikuwa na miaka sabini na miwili, na alihamia kwake miaka mitatu nyuma, baba alipofariki. Dada Pole ndiye aliyemwita. Alimnunulia kitanda kipya, akampa chumba chenye dirisha. Ndugu walimsifu. Naye, bila kujiambia kwa maneno, akaona kwamba kwa kitanda kile na dirisha lile kazi yake imekwisha.

Alirudi kila siku jua linapozama, akavua viatu mlangoni, akajitupa kwenye kochi na kunyoosha miguu juu ya stuli. Mama, aliyekuwa peke yake tangu asubuhi, alikuwa amemwekea maneno ya siku nzima kama mtu anavyomwekea mwenzake chakula. Paka wa jirani kazaa ndani ya ndoo. Fundi bomba kaja, kagombana na mpangaji wa chumba cha mbele, kaondoka na koki mkononi. Halafu yeye mwenyewe kagundua pembe moja uani ambapo jua la saa nne linagonga ukuta na kurudi. Ukikaa hapo magoti yanapoa maumivu yenyewe. Mama alijua kuifurahia dunia. Chungwa moja lilimtosha nusu saa.

Dada Pole alimsikiliza akiwa amefumba macho. "Mh," alisema. Au, "Ehe." Au, "Kesho, mama."

Hiyo kesho ilihusu mambo mengi, lakini zaidi nywele.

"Hebu nisuke hata mistari minne, mwanangu. Kichwa kinawasha."

"Mama, leo nimesuka vichwa saba. Vidole hata sivisikii."

"Basi kesho."

"Kesho."

Na ni kweli vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Hapo ndipo alipojidanganya kwa muda mrefu: kila udhuru aliotoa ulikuwa wa kweli.

Ijumaa moja aliamka amechelewa, akawa anakunywa chai amesimama. Mama akaja na kitambaa chake kichwani, akavuta kiti, akakaa mkao wa mtu mwenye hadithi ndefu.

"Nimeota nimekuwa msichana, halafu..."

"Mama, sasa hivi ndiyo saa ya ndoto? Watu wananisubiri. Kwani wewe huna kazi ya kufanya?"

Lilimtoka kabla hajalipima. Mama alikichukua kikombe chake, akakifuta kitako kwa ncha ya kanga ingawa kilikuwa kikavu, akakirudisha mezani.

"Nenda, usije ukachelewa," alisema.

Njiani roho ilimsuta kwa hatua kama ishirini hivi. Kisha akakutana na mteja wake, wakasalimiana kwa bashasha, wakashikana mikono, na neno lile likamtoka akilini.

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, kwa hiyo benchi lilijaa tangu asubuhi. Kutoka kwenye kiti cha ndani benchi halikuonekana, kabati la vifaa lilikuwa limelikinga; Dada Pole alijua tu kwamba kila akimaliza kichwa, kingine kipo. Kwenye saa sita alimaliza cha nne, akapangusa kiti, na huku ameinama kuokota klipu zilizoanguka akaita kwa sauti yake ya siku zote:

"Anayefuata, karibu mpenzi wangu. Pole kwa kusubiri, najua umekaa sana. Keti ujiachie, leo nakutengeneza mpaka ujisahau."

Mtu akaketi. Dada Pole akainuka na klipu mkononi, akatazama kioo, na ndani ya kioo alikuwa mama yake.

Kitu cha kwanza alichokihisi hakikuwa huruma wala furaha. Kilikuwa kero, kero ya mtu aliyefuatwa kazini. Baadaye, kati ya yote yaliyotokea siku ile, hicho ndicho kilichomnyima amani zaidi.

"Mama! Kuna nini? Umekuja kufanya nini hapa?" alinong'ona.

"Kusuka," mama alisema. "Nimesikia hapa kuna msusi mpole."

"Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Saa nne. Yule mwenzako kanipa mto wa kukalia. Mcheshi, yule."

"Sasa kwa nini hukuniita?"

"Zamu yangu ilikuwa haijafika."

Redio aligeuka akatabasamu, akaendelea na kichwa chake. Kusikia msusi akimwita mzee "mama" hakukumshangaza. Wazee wote waliopita pale waliitwa mama. Miaka mitatu walikuwa wamefanya kazi chumba kimoja, na Redio, aliyejua mpaka paka wa mtaa mzima wanaitwaje, hakuwa amewahi kumwona mama wa mwenzake.

Dada Pole alikifungua kitambaa. Nywele zilikuwa nyeupe, chache, zimeshikana kisogoni kama sufi iliyolaliwa. Mbele, pale fundo la kitambaa lilipobana, zilikuwa zimekatika. Upande wa kulia kulikuwa na misuko miwili iliyopinda, iliyolegea, kazi ya mtu asiyeweza kuinua mikono juu kwa muda mrefu. Mama alikuwa amejaribu mwenyewe.

Dada Pole alianza kuchana taratibu kutoka ncha, na alipogawa nywele juu ya sikio la kushoto, kitana kikasimama. Palikuwa na kovu, refu kama kidole cha mwisho, bado bichi.

"Hiki nini?"

"Nilianguka bafuni. Nikajigonga kwenye bomba."

"Lini?"

"Yapata wiki tatu."

"Wiki tatu! Mama, mbona hukuniambia?"

Mama alimtazama kwenye kioo. Hakumtazama kwa ukali, na afadhali angemtazama kwa ukali.

"Nilikuambia, mwanangu. Ulisema 'mh'."

Dada Pole alijaribu kuikumbuka siku hiyo, hata sura yake tu, hakuipata. Mama alikuwa ameingia sebuleni na kichwa kinachovuja damu, au pengine damu imekwisha kukauka, akasema nimeanguka, na yeye hapo kwenye kochi, amefumba macho, akasema "mh". Aliyamimina mafuta kiganjani akasahau kuyapasha, mama akashtuka kwa ubaridi, na lile neno ambalo Dada Pole aligawa kutwa nzima kama maji likamkwama kooni. Alilisukuma, halikutoka. Akasuka kimya.

Ukimya wake ukasikika. Mwalimu, ambaye siku hiyo alikuwa amemleta binti yake, aliinua shingo kutoka kwenye benchi.

"Jamani, Dada Pole leo amemeza ulimi?"

"Anaogopa kumkosea mamaye," mama alijibu. "Huyu nimemzaa mimi."

Saluni nzima ikalipuka. Redio aliachia kitana kikaanguka. "Kumbe ni mama yako! Na umemwacha akae foleni saa mbili! Shikamoo mama, na mimi nimekupa mto uliochanika!" Wanawake wakainuka kuamkia, mmoja mmoja, mama akaitikia marahaba kwa kila mmoja kama anayegawa pipi. Mwalimu alikuja akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Mama, hongera kwa kulea. Sisi huyu tunampata saa mbili kwa mwezi, tunaona wivu. Wewe unayekaa naye nyumbani, si raha tupu?"

Watu walingoja jibu. Dada Pole alikuwa ameshika mafungu matatu ya nywele vidoleni, hayaendi mbele wala nyuma. Alitazama chini.

"Raha tupu," mama alisema. "Hivi hivi mnavyomwona ndivyo alivyo. Nikisema neno moja, yeye anataka la pili."

Benchi zima likaguna kwa kupendezwa. Mtu akasema, "Heri yako, mama." Kama mama angemuumbua mbele ya watu, Dada Pole angeona haya, angekasirika, na hasira ingempa pa kujishikia. Lakini mama alimsitiri, kirahisi tu, kama mtu anayemfunika aliyelala. Dada Pole hakuwa na pa kuuficha uso.

Alipomaliza, mama alijigusa kichwa chote kwa viganja, akacheka peke yake. Redio alijitolea kuwamalizia wateja waliobaki, na Dada Pole, kwa mara ya kwanza tangu ashike kitana, aliacha watu kwenye benchi akaondoka mchana.

"Kwa nini umewadanganya?" aliuliza walipofika barabarani.

"Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli."

"Sikuja kushtaki mtu. Nilitaka kukaa na wewe. Nikaona wanaokaa na wewe wote wanapitia kwenye lile benchi, basi na mimi nikapanga foleni." Mama aliruka kidimbwi kidogo kwa uangalifu mkubwa. "Na nimefurahi. Unafanya kazi vizuri. Sikujua kwamba unajua kuchekesha."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Sasa punguza mwendo, mimi nina magoti ya zamani."

Alidhani akisamehewa atapata nafuu. Alipata, mpaka walipofika nyumbani, mama alipopita mlangoni mbele yake na lile kovu likaonekana wazi kati ya mistari miwili aliyoisuka kwa mkono wake mwenyewe.

Akaanza kujirekebisha, tena kwa pupa. Kesho yake aliingia nyumbani akasema kwa ile sauti ya saluni, "Mama mpenzi wangu, pole na kutwa!" Mama alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Umefukuzwa kazi?"

Siku iliyofuata alimletea beseni la maji ya moto la miguu, akamkanda, akamuuliza amelala vipi, amekula nini, ameota nini, paka wangapi wamebaki. Mama alivumilia mpaka swali la tisa.

"Mwanangu, unanihoji kama polisi. Kaa tu. Na hiyo sauti ya wateja iache huko huko kwa wateja."

Ilimbidi ajifunze upya, na kwa vitu vidogo kuliko vile alivyovizoea. Kuweka mkoba chini na kuketi kabla ya kulalamika. Kuacha macho wazi. Kumenya chungwa na kulila polepole, bila kufikiria kesho. Aliacha kupokea wateja baada ya saa kumi, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. "Siku hizi unaringa," mmoja alimwambia, akahamia kwa wasichana wa saluni ya jirani. Usiku ule ule, kabla hajalala, alijikubalia jambo ambalo alikuwa akilikwepa: upole wa saluni ulikuwa unalipwa papo hapo, kwa sifa, kwa kucheka, kwa kuitwa malaika. Nyumbani hakuna aliyepiga makofi. Ndiyo maana nyumbani alichoka.

Jioni walikaa uani, na kupitia mlango wa nyuma waliona uchochoro na watu wanaopita. Mama alikuwa amewabatiza wote. Bwana mmoja aliyetembea amepanua mikono kana kwamba amebeba ndoo mbili alikuwa Waziri wa Ndoo. Mwanamke aliyesimama kila hatua tatu kujibu simu alikuwa Breki. Kulikuwa na Bwana Arusi, kijana ambaye kila siku alivaa suti ile ile na kila siku alionekana anakimbia kitu. Dada Pole alicheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko akakumbuka: miaka mitatu, jioni zote zile, mwanamke huyu mwenye vituko alikuwa amekaa kiti cha pili, naye akasema "mh". Akanyamaza ghafla. Mama aliona, akajifanya hajaona, akaonyesha uchochoroni. "Haya, Breki huyo anakuja."

Hakubadilika mara moja, kama mtu anayebadili nguo. Wiki ya tatu, baada ya siku mbaya, alimkatiza mama tena katikati ya maneno, na usingizi ukampaa. Asubuhi, Redio alipokuwa anafagia kabla ya wateja kuja, Dada Pole alishindwa kuvumilia.

"Yale aliyosema mama siku ile si kweli. Nyumbani siko hivyo. Alinisitiri."

Alitegemea Redio aguse kifua, aseme usijali. Redio aliendelea kufagia.

"Nilijua," alisema. "Mtu ana mama mji huu huu miaka mitatu, nisimjue hata kwa picha? Nilijua siku ile ile." Akazoa nywele, akazimwaga kwenye pipa. "Sikusema kwa sababu na mimi nina dada yangu, nikipigiwa naye simu naiacha iite. Mlete mama Ijumaa. Hapa watu wanamuulizia."

Basi ikawa kila Ijumaa mama anakuja, anakaa mwisho wa benchi, anawabatiza wateja majina. Na kila aliyemsifu msusi mbele yake, Dada Pole alijikuta anainamisha uso na kutafuta klipu ambayo haikupotea.

Jumamosi moja walikwenda pamoja kununua kitambaa cha gauni la mama. Walipokuwa wanarudi mvua iliwakuta, ikawabana chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, na watu wengine wanane. Mama alitoa mkono nje, akauacha unyeshewe.

"Twende," alisema.

"Mama, utaumwa."

"Mimi nilikuwa msichana wa kutembea mvuani. Hata katika ile ndoto, nilikuwa natembea mvuani."

Dada Pole hakuuliza ndoto ipi. Aliufunga mfuko wa kitambaa vizuri, akautia ndani ya blauzi, akamshika mama mkono, wakatoka. Watu wanane waliwashangaa. Mama alivua kitambaa cha kichwa ili maji yapite kwenye mistari, akainua uso, akawa anapiga kelele ndogo ndogo kila tone baridi lilipomwingia shingoni. Viatu vyao vilijaa maji vikawa vinalia kama vyura. Walifika nyumbani wameloa chapachapa, wamechoka kwa kucheka.

Jumatatu mama alianza kukohoa. Dada Pole aliingiwa na hofu. Hakwenda kazini, alimpeleka zahanati, akaambiwa ni mafua tu, hakuamini, akachemsha maji, akamfunika blanketi mbili, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda anamsikiliza anavyopumua, uso umemshuka kama wa mtu anayengoja hukumu.

"Ni mimi," alisema. "Ningekukataza."

"Acha uso huo," mama alisema kutoka ndani ya blanketi. "Nimeshakohoa mara ngapi bila kunyeshewa?"

Kikohozi kilimwachia siku ya nne. Siku ya tano mama alikaa kitandani, akavuta pazia, akauliza kama mawingu yale upande wa pili yana mvua kweli au yanapita tu. Dada Pole alitoka nje kwenda kuyatazama vizuri.